Kukesha Katika Klabu Kubwa ya Ibiza: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Kando ya barabara inayotoka mji wa Ibiza, katika kisiwa cha Hispania chenye jina hilo hilo, kwenda Sant Antoni, karibu na kijiji kidogo cha Sant Rafel, lipo jengo ambalo kwa miaka mingi kitabu cha rekodi cha Guinness kililitaja kuwa klabu ya usiku iliyo kubwa kuliko zote duniani, likiwa na eneo la mita za mraba 6,500 na uwezo wa kupokea watu 10,000 kwa usiku mmoja. Katika miaka ya 1980 liliitwa Ku, nalo lilikuwa wazi juu, watu wakicheza chini ya nyota kuzunguka bwawa la kuogelea. Mwaka 1995 likapewa jina la Privilege, baadaye likafungwa kwa misimu kadhaa, na katika kiangazi cha 2025 likafunguliwa tena, baada ya ukarabati mkubwa, kwa jina la UNVRS. Msomaji wa Zanzibar ana sababu yake ya kulitazama jengo hilo kwa jicho la pekee: Mei 1987 Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alipanda jukwaani hapo Ku akiwa na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé.

Mimi nimekesha katika klabu za Ibiza kwa misimu minne, na usiku wa kwanza kabisa niliuharibu mwenyewe. Ilipofika saa nane usiku nilikuwa nimepotezana na wenzangu, simu ilikuwa imezima, na hatukuwa tumekubaliana mahali pa kukutana. Nilirudi peke yangu kwa miguu kando ya barabara yenye giza, magari yakinipita kwa kasi, huku muziki niliousafiria maelfu ya kilomita ukiendelea nyuma yangu bila mimi. Tangu siku hiyo naamini kwamba usiku katika ukumbi wa watu elfu kumi huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mtu hajafika mlangoni, na kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa maamuzi yenyewe, kuanzia miezi kadhaa kabla ya safari.

Hatua ya kwanza: chagua usiku kabla ya kuchagua ukumbi

Wageni wengi huuliza klabu ipi ni bora. Wenyeji wa kisiwa huuliza leo ni siku gani. Katika Ibiza kila siku ya wiki, ndani ya jengo lile lile, ina mwenyewe: DJ mmoja au promota mmoja huishika siku hiyo kwa msimu mzima, akaja na mapambo yake, wacheza shoo wake, wageni wake na hata aina yake ya watu. Katika msimu wa 2025, kwa mfano, Ijumaa za UNVRS zilikuwa za David Guetta na Jumapili zilikuwa za Carl Cox. Wanaokwenda kwa Guetta huenda kuimba kwa pamoja nyimbo wanazozijua, na wanaokwenda kwa Carl Cox huenda kucheza tekno na hausi, aina mbili za muziki wa dansi wa kielektroniki, kwa saa nyingi mfululizo pasipo kusubiri maneno. Mtu akiingia usiku usio wake atasema klabu ni mbaya, ilhali aliingia tu kwenye sherehe ya watu wengine.

Kwa hiyo anza kwa kujiuliza unapenda muziki gani, kisha tafuta siku inayoubeba. Sisi tuliokulia Afrika mara nyingi huvutwa na hausi yenye ngoma nyingi, na kwa muziki wa namna hiyo DJ Black Coffee wa Afrika Kusini amekuwa akishika Jumamosi za klabu ya Hï kwa misimu mingi. Hï iko Platja d'en Bossa, ng'ambo ya barabara kutoka Ushuaïa, katika eneo ambalo kuanzia 1989 hadi 2016 lilikuwa na klabu mashuhuri ya Space. Ushuaïa yenyewe, iliyoanza 2011, ni uwanja wa wazi ndani ya hoteli. Shughuli yake huanza alasiri na kumalizika karibu saa sita usiku, jambo linalomfaa sana asiyeweza kukesha. Klabu iitwayo Pacha, iliyofunguliwa mwaka 1973 pale karibu na bandari ya mji wa Ibiza, ni ndogo zaidi na ina joto la ukumbi ambao watu wanajuana. Amnesia ilianza 1976 na ni jirani wa karibu wa UNVRS pale Sant Rafel. Hapo Amnesia ndipo DJ Alfredo, katikati ya miaka ya 1980, alipozoesha watu kusikia hausi, roki, pop na rege katika usiku mmoja, na vijana wa Uingereza waliomsikia wakaurudisha mtindo huo kwao mwaka 1987 na 1988. Mimi binafsi ningemshauri mgeni mwenye usiku mmoja tu aende klabu kubwa, kwa sababu ukubwa ule hauna mfano kwingine, lakini mwenye usiku mbili auweke wa pili katika ukumbi mdogo ili asikie tofauti.

Msimu huanza mwishoni mwa Aprili na kumalizika katikati ya Oktoba. Nje ya miezi hiyo klabu nyingi kubwa hufungwa kabisa. Julai na Agosti ni miezi ya joto kali, bei za juu na foleni ndefu. Juni na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza: bahari ni ya kuogeleka, ma-DJ ni wale wale, na ndani kunabaki nafasi ya kunyoosha mikono.

Hatua ya pili: karatasi za safari, malazi na fedha

Ibiza ni sehemu ya Hispania, hivyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama anaishi Uingereza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na ada kwa mtu mzima imekuwa Euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya matibabu isiyopungua Euro 30,000. Usisubiri siku 15 za mwisho, kwa sababu nafasi za miadi hujaa mapema mno inapokaribia likizo za kiangazi. Mwenye kibali cha ukaaji katika nchi ya Schengen hasumbuki na viza, lakini asisahau kubeba pasipoti pamoja na kibali chenyewe.

Kisiwa hufikika kwa ndege kutoka miji mingi ya Ulaya, na kwa meli kutoka Barcelona, Valencia na Dénia. Kuhusu malazi, pima umbali wa kurudi alfajiri kuliko umbali wa kwenda ufukweni mchana. Anayelenga klabu za Sant Rafel anaweza kulala mji wa Ibiza au Sant Antoni, kwa kuwa kijiji hicho kiko njiani kati ya miji hiyo miwili; anayelenga Hï na Ushuaïa alale Platja d'en Bossa na atarudi kwa miguu. Katika hesabu ya hoteli ongeza kodi ya utalii ya visiwa vya Baleari, ambayo hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku.

Fedha ya usiku wenyewe ihesabu kwa ukweli. Kiingilio cha usiku wa DJ mwenye jina kubwa mara nyingi ni kati ya Euro 50 na 100. Kinywaji kimoja kilichochanganywa hufika Euro 20 au kuzidi, na chupa ndogo ya maji huweza kupita Euro 10. Bei hizo huumiza, na nimewaona vijana wakiacha kunywa maji ili kuokoa fedha, uamuzi ambao mwili huwalipisha baadaye. Tenga fedha ya maji kabla ya fedha ya kitu kingine chochote, kisha weka kando nauli ya kurudi mahali ambapo hutaigusa.

Hatua ya tatu: tiketi

Nunua kwenye tovuti ya klabu yenyewe. Tiketi za kwanza kutolewa huwa za bei nafuu, na bei hupanda kadiri usiku unavyokaribia. Baadhi ya tiketi za bei ya chini huwa na sharti la kuingia kabla ya saa fulani, na ukichelewa hata dakika chache unaweza kuambiwa ulipe nyongeza au usiingie, kwa hiyo soma masharti yote kabla ya kulipa. Walanguzi wanaotembea ufukweni au kujitangaza mitandaoni huuza tiketi ambayo tayari imeuzwa kwa watu wengine, na mtu wa kwanza kuionyesha mlangoni ndiye anayeingia.

Hapa pana mtego unaowanasa hasa wasemaji wa Kiswahili. Tiketi ya Ijumaa iliyoandikwa 23:30 ina maana ya saa tano na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi, na sherehe hiyo itaendelea hadi saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi. Aliyezoea hesabu ya pwani, ambapo usiku wa Jumamosi ndio unaotangulia mchana wa Jumamosi, anaweza kujikuta amekuja siku moja kabla au siku moja baada ya wenzake. Mnapoandikiana ujumbe semeni kila mara “usiku wa kuamkia” siku fulani, na saa ziandikeni kama zilivyo kwenye tiketi.

Meza za VIP huuzwa kwa kiwango cha chini cha matumizi, yaani kundi hukubali kutumia kiasi fulani cha fedha kwa vinywaji. Kwa watu wawili au watatu ni gharama kubwa isiyoongeza muziki wowote. Kwa kundi kubwa lenye mtu anayehitaji kukaa kwa sababu za afya, meza inaweza kuwa na maana.

Hatua ya nne: andaa mwili

Siku ya kukesha usiipoteze yote juani. Rudi chumbani mchana, lala saa mbili au tatu, kisha kula chakula kamili jioni. Katika Hispania migahawa huhudumia chakula cha jioni hadi usiku sana, hivyo hakuna sababu ya kwenda na njaa. Vaa nguo nyepesi zinazopitisha hewa na viatu vilivyozoeleka mguuni. Nguo za ufukweni na kandambili hukataliwa katika klabu nyingi za usiku. Umri wa kuingia ni miaka 18, na kitambulisho hutazamwa.

Nawasihi kwa moyo wote mnunue vizibo vya masikio vya wapenda muziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuiharibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha usalama kwa kumbi za muziki, nacho hakitaki wastani wa sauti uzidi desibeli 100. Shirika hilo hilo huhesabu desibeli 80 kuwa salama kwa saa 40 kwa wiki, na kila sauti inapopanda, muda salama hupungua kwa kasi. Mlio unaobaki masikioni asubuhi ya pili ni dalili kwamba seli za ndani ya sikio zimechoshwa, na seli hizo zikifa hazioti tena. Nina rafiki aliyeacha kupiga muziki akiwa na miaka 34 kwa sababu hiyo, na kila mara nikifika mlangoni humkumbuka.

Hatua ya tano: usafiri wa kwenda na kurudi

Panga kurudi kwanza. Katika msimu kuna basi la usiku liitwalo Discobus linalounganisha Sant Antoni, Sant Rafel, mji wa Ibiza na Platja d'en Bossa. Ndilo la bei nafuu kuliko yote, na ratiba yake ipigwe picha simuni kabla ya kutoka hotelini, kwa kuwa mtandao karibu na klabu hulemewa na wingi wa watu. Teksi halali zina alama na mita. Teksi bubu, yaani magari binafsi yanayowavizia wageni maegeshoni, ziepukwe: hazina bei inayojulikana, na likitokea la kutokea abiria hana wa kumlalamikia. Foleni ya teksi huwa mbaya zaidi saa ya kufunga, wakati maelfu ya watu wanatoka kwa pamoja. Ukitoka nusu saa kabla ya wimbo wa mwisho utaondoka kwa wepesi; ukitaka kubaki hadi mwisho, kubali kwamba utasubiri.

Kukodi gari kwa ajili ya kukesha sikushauri. Polisi hupima pumzi za madereva alfajiri, usingizi nao ni hatari kama pombe, na tangu kiangazi cha 2025 kisiwa kimeweka ukomo wa magari yanayoruhusiwa kuwapo. Kutembea kwa miguu kwenye barabara ya Sant Rafel usithubutu. Mimi nilifanya hivyo mara moja, na inatosha.

Hatua ya sita: mlangoni na ndani

Fika mapema kuliko unavyodhani inafaa. Anayeingia ndani ya saa ya kwanza hukuta foleni fupi na mabaunsa ambao bado hawajachoka, na anapata nafasi ya kulijua jengo likiwa bado na hewa. Mabegi makubwa acha hotelini. Beba pasipoti au kitambulisho, kadi ya benki, noti chache, vizibo na simu iliyojaa chaji.

Kabla hujacheza hata wimbo mmoja, lizunguke jengo lote pamoja na wenzako. Tafuteni milango ya dharura, vyoo, kaunta ya pembeni isiyo na msongamano, sehemu ya wazi ya kupumzikia na kituo cha huduma ya kwanza. Kisha chagueni mahali pa kukutania ambapo hapasogei wala kufunikwa na watu. Nguzo fulani, ngazi fulani, mlango fulani. Kubalianeni na saa pia: kwa mfano kila ifikapo saa nane na saa kumi, kila mtu afike hapo, simu iwe inafanya kazi au haifanyi. Sisi tumelifanya jambo hili misimu mitatu mfululizo na hatujapotezana tena.

Kuhusu mahali pa kusimama, mbele kabisa panapendwa na wanaotaka kumwona DJ, lakini sauti ya pale hukatika, na msukumano huchosha. Sauti iliyo kamili hupatikana katikati ya upana wa ukumbi, umbali kidogo kutoka jukwaani, mahali ambapo spika za pande zote hukutana. Simama hapo na utasikia besi ikipanda kutoka sakafuni kupitia miguuni. Ma-DJ wa kufungua hupiga kwa utulivu saa za mwanzo, na mwenye jina kubwa kwa kawaida hushika mitambo baada ya saa nane usiku. Usiwadharau wa mwanzo. Nimesikia baadhi ya muziki mzuri wa maisha yangu saa sita na nusu, ukumbi ukiwa robo tu, wakati DJ mchanga alipokuwa akijenga usiku taratibu pasipo mtu kumdai nyimbo.

Simu itoe kwa picha moja au mbili, kisha uiweke mfukoni. Mwanga wa simu elfu moja hupunguza giza ambalo wabunifu wa taa wamelitengeneza kwa kazi kubwa, na chaji utaihitaji alfajiri.

Hatua ya saba: afya, usalama na sheria

Joto la miili elfu kumi ni kitu cha kuheshimu. Kila baada ya saa moja hivi toka sehemu ya wazi, kaa, kunywa maji kwa kiasi, rudi. Mwenzako akianza kuongea ovyo, ngozi ikiwa ya moto sana au akishindwa kusimama, mpeleke huduma ya kwanza mara moja. Wahudumu wa afya wapo kwa kazi hiyo, nao hujali kwanza kumwokoa mtu. Nje ya klabu, namba ya dharura katika Hispania yote ni 112.

Dawa za kulevya zipo kisiwani, na atakayekuambia hazipo hakutakii mema. Kukutwa nazo hadharani, hata kwa matumizi yako binafsi, hutozwa faini kuanzia Euro 601 hadi 30,000 kwa sheria ya mwaka 2015, na kuuza ni jinai. Kwa aliyesafiri kwa viza, madhara yake yanaweza kumfuata katika maombi yote yajayo. Kilicho kibaya zaidi ni kwamba anayenunua gizani hajui kilichomo, na kila msimu kisiwa huzika watu kwa sababu hiyo.

Glasi yako usiiache mezani wala usiipokee kutoka kwa mtu usiyemjua. Kina dada wanaokwenda wenyewe wajue kwamba mfanyakazi yeyote wa klabu anaweza kuitwa mtu akisumbuliwa. Katika sherehe nyingi za Hispania huwekwa pia vituo vya rangi ya zambarau kwa ajili ya msaada huo. Kumgusa mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai hapo kama ilivyo kwingine.

Kumbuka pia kwamba Ibiza ina wakazi wapatao 160,000, na wengi wao huamka asubuhi kwenda kazini. Makelele ndiyo yaliyosababisha kumbi za wazi kama Ku ziezekwe paa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wahudumu wanaokumiminia kinywaji mara nyingi hawamudu kodi za nyumba za kisiwa, na wapo wanaolala kwenye magari msimu mzima. Wasalimie, washukuru, na ukishuka kwenye basi usiku, punguza sauti.

Hatua ya nane: alfajiri na siku inayofuata

Taa zikiwaka, kaeni pamoja kundi zima kabla ya kusogea mlangoni. Kunywa maji, tia kitu cha chumvi mdomoni, vaa nguo ya kuzuia upepo kwa sababu jasho hupoa ghafla nje. Usiende kuogelea baharini moja kwa moja, hasa ukiwa umekunywa pombe.

Ndege ya kurudi usiipange asubuhi hiyo. Panga ya siku inayofuata, lala hadi mchana, kisha jioni panda taratibu hadi Dalt Vila, mji wa kale wenye kuta uliotambuliwa na UNESCO mwaka 1999 kuwa urithi wa dunia. Kutoka juu ya kuta hizo utaiona bandari, meli za kisiwa jirani cha Formentera zikiingia, na masikio yakishapumzika kwa siku nzima ndipo utakapoweza kujua kama unataka kununua tiketi ya usiku wa pili.